Bosi kaleta droni saiti, mafundi wamenuna

SWALI: Mzee wa Saiti shikamoo. Nasimamia usalama kwenye ghorofa la floo sita hapa Dar. Tangu lile jengo la Kariakoo lianguke Novemba 2024 bosi wetu hana amani, sasa kanunua droni anasema itapunguza ajali. Mafundi wanadai ni ya kumulika nani kakaa kivulini. Hivi inasaidia kweli au mbwembwe tu?
Msimamizi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Inasaidia, hasa kwenye kupanda. Saa hizi ukitaka kujua hali ya juu kule nyuma unamtuma kijana akwee mirunda, mkanda hajafunga kwa sababu "naenda mara moja tu", na hiyo mara moja tu ndo inatuulia watu. Droni inaenda yenyewe, unavuta picha karibu unaona kabisa mrunda uliofungwa kwa kamba iliyochakaa, ubao wa kukanyagia umepasuka, tundu la lifti mtu kalifunika na kipande cha bati basi kaondoka zake.

Irushe asubuhi kabla watu hawajapanda, maana mchana upepo wa bahari Dar unaujua, halafu betri nyingi zinaisha baada ya kama nusu saa tu, na ikidondokea kichwani kwa mtu hiyo nayo si ajali? Kibali cha TCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, muwe nacho kabla ya yote, uwanja wa ndege uko mjini humuhumu.

Kuhusu Kariakoo bosi asijidanganye. Droni inaona juu na nje. Zege lililopunjwa saruji haioni, nondo zilizopungua ndani ya nguzo haioni, hapo ni injinia na vipimo vya zege, hakuna njia ya mkato.

Mafundi nao wana hoja bwana, nani anapenda kupigwa picha siku nzima? Waonyeshe hizo picha kwenye kikao cha asubuhi, wao wenyewe watakuonyesha hatari ambazo wewe hujaziona. Ila siku bosi akimkata mtu hela kwa picha ya droni, ujue hakuna atakayekwambia kitu tena.

Halafu swali ambalo hujaniuliza: ukiuona ule mrunda mbovu, una ruhusa ya kusimamisha kazi? Kama huna, kadai hiyo kwanza, tena kwa maandishi.