Kundi la samba lenye vitimwendo: uzoefu wangu

Dada, umeuliza uanzie wapi kuunda kundi la samba, ile ngoma ya Brazil, lenye watu wa vitimwendo. Uko Birmingham, mdogo wako anatumia kitimwendo, na kila kundi la samba mlilobisha hodi wamewaambia "karibuni mtazame". Nimecheka, ila kwa uchungu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye chakacha, hapa London nacheza samba mwaka wa 13 sasa. Hili kundi letu la mchanganyiko, wenye ulemavu na wasio nao, nililianzisha goti langu lilipoanza kugoma. Ngoja nikuambie kwanza nilivyoharibu.

Niliutunga mchezo wote kwa miguu. Samba no pé, zile hatua tatu za haraka ndani ya mapigo mawili, ndiyo fahari ya mchezaji, basi nikajifungia mbele ya kioo nikatunga dakika nne nzima. Halafu nikamgeukia mama mmoja wa kitimwendo nikamwambia, "Wewe fanya hayo hayo kwa mikono." Akafanya wiki tatu. Ya nne akaniuliza, "Mwalimu, hivi mimi nacheza samba au nakuigiza wewe?" Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Jibu lilikuwa ndani ya samba yenyewe. Kwenye gwaride la kanivali la Rio, shule kubwa za samba (ndivyo makundi ya gwaride yanavyoitwa huko) zinalazimika kuwa na ala das baianas: kundi la akina mama, wengi wao bibi kabisa, wamevaa sketi pana kama mwavuli. Hawa hawashindani na mtu kwa miguu. Kazi yao ni kuzunguka, na wanaheshimiwa mno. Sasa niambie, nani anazunguka kushinda kitimwendo? Shika gurudumu moja, sukuma lingine, umemaliza. Tukamvisha yule mama sketi ya baiana. Siku ya kwanza lesi ikaingia kwenye spoku, akanasa katikati ya ukumbi kama samaki kwenye jarife, huku anacheka. Siku hizi pindo tunalikata liishie kiganja kimoja juu ya tairi, sketi tunaifunga kwenye mikono ya kiti, na spoku tunazifunika kwa duara la plastiki lililopakwa rangi. Yeye ndiye anayeongoza mzunguko, sisi wenye miguu tunamfuata.

Usiishie kwenye vitimwendo lakini. Ile ngoma kubwa ya samba inaitwa surdo, na surdo kwa Kireno ni kiziwi. Sikupanga mimi! Surdo ya kwanza hupiga pigo la pili, lile zito, na kundi zima linaegemea hapo. Kwenye sakafu ya mbao lile pigo linapanda mpaka magotini. Tuna kijana kiziwi anacheza peku, na kwenye mbao hakosei. Tunaokosea ni sisi tunaobabaishwa na vile vitari vidogo, tamborim. Kuna wakati tulihamia ukumbi mpya, mzuri, una joto, lakini chini ni zege. Yule kijana akasimama kama mtu aliyezimiwa taa. Wiki iliyofuata tulirudi kwenye mbao zetu na choo chetu kinachovuja.

Barabarani kwenye lami anamtazama kiongozi wa wapigaji, ambaye siku zote huongoza kwa ishara za mikono, maana katikati ya ngoma zile hata mwenye masikio mazima hasikii neno.

Mambo madogo: mazoezi yetu ni Jumamosi mchana, kwa sababu jioni wasaidizi wa watu wengi wameshaondoka na usafiri ni shida. Lifti ya ukumbi ijaribu wewe mwenyewe siku ileile, usikubali kuambiwa kwenye simu kwamba inafanya kazi. Wenye usonji wawekee chumba cha pembeni na viziba masikio, na wasiulizwe wanatoka kwenda wapi.

Halafu jiandae kwa ubishi. Waandaaji wa tamasha fulani, sitawataja, walitaka vitimwendo vyote vipandishwe juu ya lori "kwa usalama". Nilikataa. Hii kitu ni kama mdundiko wa Wazaramo, unapita mtaani kwa kutembea. Ukishapakiwa kwenye gari wewe ni mzigo. Tukaomba nafasi ndefu zaidi mbele yetu na mtu mmoja wa kutembea ubavuni mwa kila kiti, wakakubali. Mwendo wa kundi anaupanga aliye taratibu kuliko wote. Wakikubishia, waambie huko Rio ipo Embaixadores da Alegria, shule ya samba ya watu wenye ulemavu, na imepita Sambódromo penyewe, ule uwanja wa gwaride la kanivali.

Mdogo wako anapenda nini, kuzunguka au kupiga? Muulize kabla hujatunga hata hatua moja. Na ukipata ukumbi, rudi hapa uniambie sakafu yake ni ya nini.