Presha Inajali Kiuno Kuliko Kilo

Ukishaambiwa una presha, ushauri wa kwanza kuusikia karibu kila mahali ni huu: punguza uzito. Si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba unakupeleka moja kwa moja kwenye mizani, nayo mizani inajumlisha kila kitu kwa mkupuo: mifupa, misuli, maji, mafuta, hata chakula ulichokula saa moja iliyopita. Haikuambii zile kilo ni za nini wala zimekaa wapi, na mwenye presha anahitaji kujua hayo mawili kabla ya mengine yote.

Nimeishi na presha miaka kadhaa sasa, na nyumbani kwetu mifano haikosekani. Mimi ni mtu wa mwili, mabega mapana na mapaja yaliyojaa. Dada yangu ni mwembamba. Nguo zake za ujanani bado zinamkaa vizuri, isipokuwa kiunoni. Kwa hesabu ya BMI mimi ndiye mnene na yeye hana neno. Tulipopimwa, presha yake ilikuwa juu kuliko yangu. Ndugu walishangaa, daktari hakushangaa hata kidogo. Alichofanya ni kumwambia asimame, akamzungushia utepe tumboni.

Hiyo BMI ni uzito wa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita. Chanzo chake ni hesabu za Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830 aliyekuwa akitafuta mtu wa wastani katika takwimu za watu wengi. Hakuwa akimtibu mtu. Kwa kulinganisha makundi ya watu inafaa, ila kwa mtu mmoja aliyeketi mbele ya daktari haiwezi kutofautisha kilo 5 za misuli na kilo 5 za mafuta.

Na mafuta yenyewe hayafanani. Yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, ya makalioni na mapajani, hayana madhara makubwa kwa presha. Ya kuogopa ni yaliyojificha ndani ya tumbo, yanayozunguka ini, utumbo na figo. Haya hayakai tu yakisubiri siku ya njaa. Yakizidi huzibana figo, nazo figo zikibanwa hushikilia chumvi na maji ambayo zingeyatoa kwenye mkojo, hivyo ujazo wa damu kwenye mishipa unaongezeka. Chembe za mafuta pia hutoa angiotensinojeni, malighafi ya homoni inayokaza mishipa na kuziambia figo zizidi kushikilia chumvi. Hutoa vilevile homoni ya leptini, ambayo ikiwa nyingi huchochea neva zinazouharakisha moyo. Juu ya hapo, mwili unaanza kukaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho linaitoa kwa wingi zaidi, na insulini nyingi nayo huzifanya figo zishikilie chumvi. Njia zote hizo zinaishia kwenye namba ileile ya mashine ya presha.

Mafuta ya shingoni yana njia yake. Usiku yanabana koo, mtu anakoroma, pumzi inakatika kwa muda, na kila inapokatika presha inapanda. Mwenzi wako akilalamika kwamba unakoroma kisha unanyamaza ghafla, usimkasirikie. Upeleke ushahidi huo kwa daktari.

Basi tafuta utepe, huu wa mafundi cherehani. Simama, pandisha nguo. Papasa ubavuni mpaka upate mbavu ya mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupima. Utepe ulale sawa pande zote, uguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kama kawaida, halafu soma. Usivute tumbo ndani (utavuta, kila mtu huvuta, rudia). Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kuongezeka mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke akizidi 80. Kwenye 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke inakuwa kubwa zaidi. Kama namba hizo zinakusumbua kichwa, shika hii: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 asifike 85.

Sisi wenye mikono minene tuna jambo la ziada. Ule mkanda wa mashine ya presha una saizi, na mdogo kuliko mkono wako hupandisha majibu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba anayehitaji mkanda mkubwa kabisa akifungwa wa kawaida, namba ya juu inaweza kuzidi kwa karibu 20. Mimi niliwahi kupimwa hivyo mahali fulani, wakaanza kuzungumzia kuniongezea dawa. Nikaomba mkanda mkubwa. Muuguzi aliufuata chumba cha pili huku akinung'unika, tukarudia, na habari ya dawa ikaishia hapo. Omba bila haya.

Katika kupungua, wastani unaotajwa ni kwamba kila kilo 1 inayoondoka hushusha presha kwa takriban milimita 1 ya zebaki, yaani namba 1 kwenye mashine. Lakini kilo hiyo iwe ya mafuta. Ukijishindisha njaa unapoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayotumia sukari ya damu kwa wingi. Mimi kilichonisaidia ni kutembea kwa kasi siku nyingi za wiki na mazoezi ya nguvu mara mbili, pamoja na kuitoa chumvi mezani. Kiwango cha chumvi ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo hata ile iliyokuja ndani ya vyakula vya viwandani. Mizani haikusogea sana. Mkanda wa suruali ndio uliosogea, na presha ikaufuata. Unaponyanyua kitu kizito usibane pumzi, maana presha hurushwa juu papo hapo. Toa pumzi wakati wa kunyanyua.

Dawa usiziache kwa sababu kiuno kimepungua. Nami dozi yangu ilipunguzwa, ila aliyeipunguza ni daktari, baada ya kusoma daftari langu lenye presha ya asubuhi na jioni na kipimo cha kiuno cha kila mwezi. Na siku mashine ikisoma 180 juu ya 120 au zaidi, huku kifua kinauma, pumzi inapungua, macho hayaoni vizuri au upande mmoja wa mwili umelegea, weka daftari chini uende hospitali saa hiyohiyo.