Goti linalochomoka na safari ya thelujini

Swali: Dakta, shikamoo. Mimi ni kijana wa Malindi, nafundisha wageni kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao unaovutwa na tiara, upande wa Mambrui. Familia moja ya Kiitalia imenialika kwao milimani mwezi wa Januari. Miaka miwili nyuma nilijipinda goti la kushoto nikicheza mpira, likavimba, kisha likapoa. Mpaka leo nikishuka ngazi haraka huchomoka kidogo. Nitelezee theluji kwa skii mbili, kila mguu na yake, au kwa ubao mmoja wa miguu yote? Na mizani niliyozoea majini itanifaa? Wenzangu wananicheka, eti Mpwani na theluji, wapi na wapi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hao wenzako waambie Philip Boit alishindana kwa skii kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998 na Sabrina Simader ile ya Pyeongchang mwaka 2018, wote kwa bendera ya Kenya. Mimi kilichonishughulisha ni hilo goti kuchomoka.

Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usisogee mbele wala kujizungusha kupita kiasi. Ikikatika, uvimbe hupungua, maumivu huisha, na mtu akadhani amepona. Lakini kano iliyokatika kabisa aghalabu haijiungi yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua hata glavu, muone daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia. Atakulaza, akunje goti kidogo, ashike paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi mbele kwa mkono wa pili, kisha alinganishe na goti zima. Akishuku, atakuagizia picha ya MRI. Kama kano imekatika, msimu huu usiende kuteleza, iwe kwa skii au kwa ubao.

Tuseme kano ni nzima, misuli ndiyo dhaifu. Hapo nakushauri ubao. Kwenye skii kila mguu una chombo chake kirefu, na kiatu kigumu kinabana kifundo mpaka juu kwenye muundi. Skii ikizunguka, nguvu haina pa kuishia ila gotini. Anguko ninaloliogopa ni la kukaa nyuma: makalio yameshuka chini ya magoti, uzito umelalia mkia wa skii moja, ukingo wake wa ndani unang'ata theluji na kuuzungusha muundi huku paja limebaki palepale. Ubao unafunga miguu yote miwili pamoja, hivyo mmoja haukokotwi kivyake.

Ila majeraha yenyewe huhama tu. Wanaoanza ubao huvunjika zaidi vifundo vya mikono, na kwa kuwa kiatu chake ni laini, vifundo vya miguu navyo huumia. Vaa vikinga vya mikono na helmeti. Ukianguka mbele, kunja ngumi uangukie vigasha, usitangulize viganja.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi huisahau. Kwenye viti vya kupandisha watu mlimani, mguu wa nyuma hufunguliwa na wa mbele hubaki umefungwa ubaoni. Ukiteleza wakati wa kushuka kitini, goti hilo moja ndilo linalopindwa. Wewe umezoea kwenda pande zote mbili na kaiti yako, basi tanguliza mguu wa kulia, ili wa kushoto wenye goti bovu ndio ufunguliwe.

Kuhusu mizani: utaizoea haraka kuliko wengi, lakini una mazoea moja ya kuacha. Majini unaegemea nyuma kwa sababu kaiti inakuvuta. Thelujini hakuna kinachokuvuta. Ukiegemea nyuma, ncha ya mbele inakuwa nyepesi na ubao haukatai tu kugeuka, unakuponyoka kabisa. Uzito upeleke mguu wa mbele, magoti yamekunjwa. Na kwenye skii, egemeo hilo la nyuma ndilo linaloleta lile anguko nililolieleza.

Daktari akikuruhusu, anza mazoezi sasa. Simama kwa mguu wa kushoto kwenye kidaraja cha baraza, shusha kisigino cha kulia polepole mpaka kiguse chini, kisha panda. Tazama goti: likikimbilia ndani, upande wa mguu wa pili, nyonga yako bado haina nguvu. Punguza kina cha kushuka mpaka goti libaki juu ya vidole vya mguu, ndipo uongeze. Baadaye fanya hivyo macho umefumba, ukiwa umeshika ukuta.

Wenyeji wako wakikukazania skii, mwenye duka la kukodisha atakuuliza uzito, urefu, umri na ujuzi ili apange vifungio vinavyoshika kiatu kwenye skii vifunguke unapoanguka. Mwambie wewe ni mgeni kabisa. Ukijitia fundi, atavikaza.

Na ukisikia goti limelia "pa!", likavimba siku hiyohiyo, usijaribu kushuka mwenyewe. Kaa hapo, waite waokoaji wa mlimani.