Watoe hao kaa kwenye maji baridi leo hii

Mkuu, nimesoma swali lako nikakwama pale uliposema dukani wamekuambia hao ni kaa wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Umenunua wanne, umejaza tangi mpaka juu, umeondoa klorini, na sasa unauliza upande mimea gani, uweke kichujio cha aina gani, wale nini, wakae na samaki wadogo au la, na kama watazaana. Mimea isubiri. Hao wanyama wameshaanza kufa na wewe huoni, kama nilivyokuwa sioni mimi.

Niliambiwa maneno hayo hayo. Nikauliza mara mbili: hawahitaji chumvi kweli? Nikaonyeshwa tangi la dukani, si unawaona wanatembea? Ni kweli walikuwa wanatembea. Alichoninyima muuzaji ni kwamba kaa huyu anaweza kuvumilia maji baridi wiki kadhaa, hata miezi, ndipo afe. Yeye anakaa naye siku chache, anapokea hela, anakukabidhi. Maiti utaokota wewe. Nina hasira na hilo mpaka leo, kwa sababu kumwambia mteja ukweli kulikuwa hakumgharimu chochote zaidi ya sentensi moja.

Kwa picha uliyoweka, yule dume mwenye gando moja kubwa na mwenzake dogo kama kijiko anafanana sana na Minuca pugnax, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Uca pugnax. Kwao ni vinamasi vya maji ya chumvi vya pwani ya mashariki ya Marekani, kuanzia Massachusetts kushuka Florida, kwenye tope lililoshikwa na mizizi ya majani ya Spartina. Maji yakipwa anatoka shimoni, anachota tope kwa gando dogo, anachambua mwani na vijidudu mdomoni, kinachobaki anakitema kama kidonge. Maji yakijaa anarudi shimoni na kuziba mlango kwa tope. Sasa mtu wa namna hiyo unamzamisha kwenye maji ya bomba usiku na mchana!

Dume wangu mmoja alikuwa kila asubuhi amening'inia kwenye waya wa kipasha joto, nusu ya mwili nje ya maji. Nikampiga picha, nikawaonyesha watu, nikidhani anaota joto. Alikuwa anatafuta hewa. Ana matamvua, ndiyo, lakini anayatumia yakiwa na unyevu huku yeye yuko nje. Asipopata pa kupanda, anachoka.

Lakini kilichowamaliza ni kujivua gamba. Kaa hakui bila kuvua gamba la zamani, na wakati huo mwili unahitaji madini ya kukazia gamba jipya. Kwenye maji baridi chumvi ya mwilini inavuja muda wote na yeye anatumia nguvu zake kuirudisha, basi siku ya kujivua anaifikia akiwa hoi. Wa kwanza nilimkuta gamba limepasuka nyuma, mwili umetoka nusu, miguu miwili imenasa ndani, laini kama nyama ya chaza. Bado anatikisa macho. Sikuwa na la kufanya, nikakaa pale nikimwangalia. Ndani ya mwezi walifuata wengine wawili, hivyo hivyo. Na jike mmoja aliyefanikiwa kujivua, mimi nikaokota gamba lake nikalitupa kama uchafu, kumbe ni chakula chake cha kurudisha kalisiamu. Ukiliona, liache hapo hapo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: chumvi ya bahari, imepimwa, na nchi kavu ya kutosha. Nasema chumvi ya bahari ya kutengenezea matangi, maana ya mezani haina kalisiamu wala magnesiamu. Anza kulenga gramu 10 hivi kwa lita (maji ya bahari yenyewe yana kama 35), na uthibitishe kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa maji kutokana na chumvi: isome kati ya 1.005 na 1.010. Usikadirie kwa ulimi. Usiwarushe huko kwa mkupuo, panda polepole kwa siku tatu nne. Maji yakipungua kwa mvuke ongeza maji baridi yaliyoondolewa klorini, kwa sababu chumvi haiendi na mvuke. Mimi niliongeza ya chumvi wiki nzima kabla sijashtuka.

Nchi kavu usingoje hata kesho. Punguza maji sasa hivi, rundika mchanga upande mmoja uinuke juu ya maji, uwe na unyevu wa kushika shimo bila kuporomoka, kina cha kutosha kaa azame mwili mzima na zaidi. Funika tangi vizuri, ukiacha hewa ipite, maana wanapanda kila waya.

Halafu ile dawa ya samaki uliyosema unayo kabatini, soma kibandiko chake. Ikiwa na shaba ndani, isifike kwenye hilo tangi kabisa. Shaba inaua kaa.

Ukishapima, weka hapa namba uliyoisoma na picha ya tangi kwa ubavuni nione mchanga umeinuka kiasi gani. Na huyo unayesema amejificha siku mbili hali chakula, usimfukue, huenda anajiandaa kujivua gamba.