Tarangire: maswali yenu kuhusu wanyama na ndege

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, mkoani Manyara. Tumeyafupisha, lakini hoja zenu zimebaki zilivyo.

Nina likizo moja tu kwa mwaka. Niende mwezi gani?

Amua kwanza unawafuata wanyama au ndege, maana kalenda zao zinapishana. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyanda zinazoizunguka hifadhi huwa zimekauka, na Mto Tarangire ndio wenye maji ya uhakika. Nyumbu, pundamilia, nyati na tembo hujazana hapo. Nyasi zimelala na miti mingi haina majani, hivyo hata chui aliyejilaza tawini anaonekana kirahisi zaidi. Mvua zikishaanza, nyumbu na pundamilia wengi huhama kwenda kuzalia nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zina fosforasi nyingi inayohitajiwa na majike wanaonyonyesha. Anayekwenda Machi akitarajia makundi ya Septemba atamlaumu dereva bure.

Kwa ndege, Novemba hadi Aprili ndiyo neema. Wahamaji kutoka Ulaya na Asia wamefika, na wenyeji wengi wamevaa manyoya ya kuzalia na wako kwenye viota. Kama una likizo moja na unataka vyote, chagua mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba: wanyama wengi bado wako mtoni na wahamaji wa kwanza wameshatua. Mvua ikiwahi utapoteza kiasi cha wanyama, ila ndege watakulipa. Aprili na Mei tusingemshauri anayekwenda mara ya kwanza, kwa sababu ya barabara.

Naweza kuingia na gari dogo la nyumbani?

Hadi getini, ndiyo. Kutoka Arusha unashika barabara ya Babati, unapita Makuyuni bila kukata kwenda Mto wa Mbu, kisha unakata kushoto Kwa Kuchinja. Ndani ya hifadhi, njoo na gari la juu lenye uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne.

Sababu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, hasa kuzunguka kinamasi cha Silale. Juu unakauka na kupasuka hadi unaonekana mgumu, kumbe chini bado ni tope. Tairi likivunja lile gamba, madereva wengi hukanyaga mafuta, na hapo ndipo wanapoharibu: magurudumu yanachimba mpaka gari linakalia tumbo. Ukihisi limezama, acha mafuta mara moja, weka gia nzito, rudi nyuma polepole ukifuata alama zako mwenyewe. Likigoma, usishuke kusukuma. Piga simu getini, na kwa hiyo chukua namba yao na uiandike kwenye karatasi wakati wa kuingia, kwa kuwa mtandao unapatikana kwa kubahatisha.

Fedha taslimu hazipokelewi. Lipa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na Mtanzania asisahau kitambulisho cha taifa, vinginevyo atashindwa kuthibitisha kwamba anastahili kiingilio cha mwananchi. Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi. Mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, lakini anayetafuta ndege kwa zaidi ya 20 hataona kitu.

Mbung'o wa Tarangire wananitisha. Dawa ya kupaka inasaidia?

Kidogo sana. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, kwa hiyo gari lenyewe ndilo linalowaita, na rangi zinazowavuta zaidi ni bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego inayoning'inizwa mitini ni vitambaa vya rangi hizo. Acha jinzi nyumbani. Vaa khaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito kisichobana, kwa sababu mbung'o hutoboa nguo nyembamba iliyogusa ngozi. Mkipita kwenye vichaka, fungeni vioo na paa hadi mtoke kwenye uwazi. Aliyeumwa kisha akapata homa baada ya siku au wiki kadhaa amweleze daktari kwamba alikuwa hifadhini, ili malale yaangaliwe pamoja na malaria.

Tembo wakiziba njia nifanye nini?

Simama mbali, ngoja. Usipige honi, na usijipenyeze kati ya jike na mtoto wake hata kama nafasi ipo. Tazama masikio na kichwa. Tembo anayetikisa kichwa, ametanua masikio, amesimama wima na mkonga juu, anakutisha: rudi nyuma taratibu bila kuvurumisha injini. Anayekuja kichwa kikiwa chini, masikio yamebanwa na mkonga umekunjwa, huyo hatanii; mwachie njia upesi. Dume mwenye majimaji yanayochuruzika toka kwenye matundu kati ya jicho na sikio, huku akidondosha mkojo mfululizo, yuko kwenye joto la kupanda. Mpe nafasi kubwa kuliko mwingine yeyote, hata kama anaonekana mtulivu.

Wakati wa kiangazi mngojee tembo pale mto unapopungua maji. Anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anautoa kwa mkonga, anasubiri maji yajichuje shimoni, ndipo anywe. Kaa hapo hata saa nzima. Akiondoka, wanyama wengine na ndege huja kunywa kwenye shimo lake.

Darubini ya 8x42 au 10x42?

8x42. Ile ya 10 inakuza zaidi, lakini inakuza na mtetemo wa mkono na wa gari, na eneo unaloona ni dogo, hivyo ndege anayerukaruka unampoteza. Asubuhi na jioni 8x42 pia hukupa picha angavu zaidi: gawanya 42 (upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) kwa 8 (mara inazokuza) upate upana wa mwanga unaoingia jichoni, milimita 5.25, dhidi ya 4.2 za ile nyingine.

Wengi wanailaumu darubini ambayo hawajaiweka sawa. Funika lenzi ya mbele ya kulia, utazame kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka kiwe wazi. Halafu funika ya kushoto, na bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete ya jicho la kulia. Kumbuka pete ilipoishia. Mvaa miwani ashushe vikombe vya macho hadi chini. Dereva azime injini kabla hujaiinua.

Ni ndege gani nisiwakose?

Kwezi kijivu, anayepatikana Tanzania pekee: rangi ya majivu, mkia mrefu, jicho la krimu. Kwera mkia-mwekundu ni mkubwa, ana manyoya kama magamba, na viota vyake vya nyasi vilivyotimka huning'inia vingi kwenye mgunga mmoja. Watafute pia kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano. Hutaga kwenye matundu ya mibuyu, kwa hiyo kagua shina hadi juu. Hawa wote wanaonekana vizuri kabla ya saa 4 asubuhi. Tumbusi na pungu ni baadaye, hewa ikishapata joto la kuwapandisha.

Naruhusiwa kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili aje karibu?

Usifanye hivyo. Dume husikia mpinzani, anaacha kulisha na kulinda kiota ili apigane na simu yako. Kaa kimya karibu na maji, watakuja wenyewe.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Akibanwa haja njiani?

Vyoo vipo getini na kwenye maeneo ya kulia chakula. Uliza getini yalipo, na mpitishe kila mkifika, hata akisema hajabanwa. Katikati ya safari tumia poti yenye kifuniko ndani ya gari. Usimshushe kichakani.