Pampu ya joto chini ya ngazi? Pima hewa kwanza, tangi baadaye

Usimtumie huyo fundi hela. Bado. Umeandika kwamba una maisonette (nyumba ya ghorofa yenye ngazi ndani) Lang'ata, watu watano, umechoka na shawa za stima, unataka hita ya pampu ya joto ya lita 200, na fundi amekuja na futi, akapima stoo ya chini ya ngazi, akasema "inaingia freshi kabisa". Halafu ukauliza kama lita 200 zitatosha, ipi haina kelele, na kama itaenda na sola. Hayo yote yangoje. Hilo neno "inaingia" ndilo lililonimalizia akiba, na nikisikia mtu mwingine ameambiwa hivyohivyo damu inanichemka kuliko maji ya hiyo hita.

Inaingia, ndiyo. Hata ng'ombe ataingia chini ya ngazi ukimsukuma vizuri. Cha kuuliza ni kama humo ndani atapata pumzi.

Hii mashine haichemshi maji kwa koili kama shawa yako. Ile ya kipande kimoja, yenye tangi chini na feni juu, huvuta hewa ya pale ilipo, ikaikamua joto, ikalisukuma hilo joto kwenye maji, kisha ikaitema hewa ikiwa baridi. Ni friji iliyogeuzwa: chumba ndicho kinachopozwa ili maji yapate moto. Sasa ifungie kwenye stoo yenye mlango. Inavuta hewa, inaitema baridi, inaivuta ileile, inaitema ikiwa baridi zaidi. Baada ya muda hakuna joto la kukamua, na mashine inanguruma tu.

Stoo yangu ilikuwa upana mita 1.2, urefu mita 2, na kimo, kwa sababu dari linateremka na ngazi, wastani wa mita 1.5. Zidisha. Unapata mita za ujazo 3.6, na hapo hujatoa nafasi ya tangi lenyewe, ndoo, na viatu vya watoto. Idara ya Nishati ya Marekani inashauri mashine ya namna hii izungukwe na hewa isiyopungua futi za ujazo 1,000, yaani kama mita za ujazo 28. Ishirini na nane! Hicho ni chumba cha kulala cha maana, si pango la kufichia ufagio.

Na unajua nani alijua haya? Muuzaji. Yule kijana wa dukani Industrial Area alinionyesha kwenye simu video ya Mmarekani amesimama kando ya tangi kama hilo, anatabasamu, ndani ya chumba cha chini ya nyumba chenye ukubwa wa kanisa la mtaani kwetu. Sikuona chumba, niliona tangi. Nilipomuuliza kuhusu stoo akanipiga bega: "Bosi, Nairobi si Ulaya, hewa ya hapa ina joto mwaka mzima." Hapo hakudanganya. Hata Julai, asubuhi ya nyuzi 11 au 12, pampu ya joto nzuri inafanya kazi bila wasiwasi. Alichonyamazia ni kwamba stoo yangu ingejitengenezea Ulaya yake binafsi, bila visa.

Kwanza kuta zilianza kutoka jasho. Ukipitisha kidole kwenye rangi, maji yanateremka hadi kiwiko. Viatu vya shule vikaota ukungu wa kijani kwenye mishono, unga ukashikana mabonge ndani ya pakiti. Fundi akaja, akatazama, akasema mlango ubaki wazi. Sawa, tukauacha wazi, na baridi yote ikahamia sebuleni. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, akajifunika leso mbili juu ya sweta na kuniuliza kwa upole wa hatari kama siku hizi tunauza nyama, maana anasikia baridi ya bucha. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini mama mkwe na ukungu ni mambo ya kupita. Kilichoniumiza ni tokeni za stima. Mashine nyingi za aina hii zina koili ya stima ya akiba ndani ya tangi. Ukiiweka kwenye oto, ikiona hewa imekuwa baridi mno au maji yanachelewa, inawasha koili yenyewe, kimya kimya, bila kukuaga. Fanya hesabu: kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 55 kunahitaji joto la takriban yuniti (kilowati-saa) 8.6. Pampu ikipumua vizuri inalipata kwa yuniti kama 3, maana joto jingine linatoka hewani bure. Koili inalipia yote 8.6, hakuna cha bure. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua mashine ya bei ya pikipiki ili inifanyie kazi ya hita ya kawaida, na juu yake inipoze nyumba. Na muuzaji akipigiwa simu anasema, "Labda mnaoga sana."

Marekebisho ya fundi yalikuwa sinema. Alikata luva moja, yaani tundu la hewa, juu ya mlango. Moja! Hewa iingie hapo na itoke hapohapo. Kisha akataka kutoa mabomba mawili mapana hadi nje, moja la kuvuta na moja la kutema. Wazo si baya, na mashine kadhaa zina sehemu ya kuunganisha mabomba hayo, lakini ngazi yangu iko ukuta wa mbele na kamati ya mtaa wetu haitaki hata msumari upande huo. Na kuna yale maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine, kama ya AC. Yanahitaji mfereji wa kuyatoa. Stoo ina mfereji? Haina. Fundi akaleta mtungi wa lita tano, akauweka chini ya kibomba, akaniambia tuwe tunamwaga "mara moja moja". Nikamwambia yeye ndiye awe anakuja kumwaga.

Jambo jingine la haraka: juu ya tangi lazima ibaki nafasi ya mikono. Chujio la hewa linahitaji kusafishwa, na ile fimbo ya magnesi inayolinda tangi lisioze huchomolewa kwa juu kwenye aina nyingi. Ukiwa na maji ya kisima yenye chumvi, fimbo inaliwa upesi. Yangu ilikuwa imekabana na zege la ngazi. Kuichomoa ilibidi tangi lote litolewe nje, na tulivyolitoa vigae vya koridoni vikaenda nalo.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo ningelipa ili mtu aniambie mapema. Tangi halihitaji hewa. Kinachohitaji hewa ni feni na kompresa. Nunua ya vipande viwili, kama AC: tangi likae chini ya ngazi ukipenda, na mashine ya nje uifunge ukuta wa nyuma, pale mnapoanika nguo. Baridi itatemwa uani, maji yatadondoka kwenye mfereji, mama mkwe atakaa na leso yake moja. Mbele ya feni pabaki wazi. Najua wezi wapo, weka grili ya vyuma vilivyoachana, ila usije ukaijengea kibanda cha mabati, utakuwa umehamishia stoo nje. Na kama kibandiko chake kinasema R290, gesi inayozunguka ndani yake ni propani na inashika moto, kwa hiyo isikae karibu na mtungi wa gesi wala jiko.

Kama uani hakuna nafasi kabisa, bora ubaki na shawa zako za stima. Sisemi kwa hasira. Kidogo tu.

Lita 200 kwa watu watano zinatosha kama hakuna kijana anayeimba albamu nzima bafuni. Ya sola watakujibu wengine.

Huyo fundi mwambie akuonyeshe, kwenye kitabu cha mashine yenyewe, ukurasa wenye mchoro wa nafasi inayotakiwa pande zote na juu, na kiasi cha hewa ya chumba. Upo kwenye kila kitabu cha maana. Mpime naye stoo mkiwa na huo ukurasa mkononi. Akisema kitabu kimebaki dukani, na yeye abaki dukani.

Na kama umeshalipa arbuni, nenda leo wakubadilishie iwe ya vipande viwili kabla hawajaileta. Katoni ikishapasuliwa kwako watakwambia hiyo ni mali yako.