Kigoma kwa miguu: fuata njia ya mzigo
Maswali ya wasomaji na majibu yetu

Mhariri, tunafika Kigoma kwa treni mwishoni mwa Julai, watu wawili, na tuna siku moja tu kabla ya kwenda Gombe. Gari hatutaki. Tunataka kuliona eneo la zamani la reli na bandari kwa miguu. Tuanzie wapi? — Msomaji, Cheyo, Tabora

Kwanza, siku ya kufika msiihesabu. Treni ikichelewa saa tatu au nne, mpango wote umekwenda, na mtu aliyekesha kwenye behewa hana macho ya kutazama jengo. Laleni, muanze kesho yake.

Pili, jihadharini na saa. Kigoma iko mbali magharibi lakini inatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua lake huchelewa karibu dakika 40 ukilinganisha na Dar, na dakika kumi na kitu ukilinganisha na kwenu Tabora. Julai jua huchomoza saa moja na dakika chache asubuhi, hufika utosini saa saba imepita, na huzama saa moja jioni. Wageni wengi huamini jua kali limepungua saa nane. Hapo ndipo linapowababua, kwa sababu saa nane ya Kigoma kwa jua ni saa saba. Tokeni saa moja na nusu, tembeeni hadi saa sita, pumzikeni hadi saa tisa na nusu, ndipo mmalizie.

Kuhusu njia, fuateni mzigo. Eneo lote hili lilijengwa kwa kazi moja: kutoa mzigo kwenye behewa na kuuingiza melini, au kuurudisha. Wajerumani walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250. Vita ilianza Agosti mwaka huo huo. Ukitembea kwa mpangilio wa mzigo, kila jengo linajieleza lenyewe. Ukirukaruka utaona kuta kuukuu tu.

Basi anzieni stesheni, pale Barabara ya Lumumba inapoishia chini ya mteremko. Upande unaotazama mji hupata mwanga asubuhi, kwani jua linatokea nyuma ya mtaa wa Mwanga. Jioni upande huo una kivuli na picha hazitoki. Tazameni matao na unene wa kuta, kisha ombeni ruhusa kwa stesheni masta muingie jukwaani. Siku isiyo na treni ni rahisi zaidi, hakuna msongamano wa abiria na mizigo.

Mkiwa jukwaani inameni mtazame tumbo la reli, yaani ule ubavu mwembamba kati ya kichwa na kitako. Pale reli inapotengenezwa kiwandani, huchapwa herufi zilizovimba: jina la kiwanda na mwaka. Mwaka huo ni wa kiwanda, si wa kutandikwa, maana reli kuukuu huhamishwa kutoka njia kuu na kupelekwa kwenye njia za pembeni zenye kazi nyepesi. Ndiyo sababu reli ya zamani kabisa utaikuta kwenye kona iliyoota majani, si palipo na treni. Upana wa njia hii ni mita moja kamili kutoka reli hadi reli; ile ya kisasa ya SGR ni milimita 1,435. Kutembea juu ya njia ya reli ni hatari na hairuhusiwi, hata kama wenyeji mnawaona wakikatiza.

Kutoka hapo shikeni barabara kuelekea bandarini. Kwenye magodauni ya reli angalieni sakafu: imeinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, sawa na sakafu ya behewa. Kuli anavuka na gunia begani bila kupanda wala kushuka. Magodauni ya barabarani, yaliyojengwa baadaye kwa ajili ya malori, aghalabu hayana kimo hicho. Kwa kigezo hicho kimoja mtatambua jengo lipi lilizaliwa na reli na lipi lilikuja baadaye, hata kama yote yamepakwa rangi moja.

Mkifika geti la bandari, bila kibali ndio mwisho. Pandeni kilimani mtazame kutoka juu: njia moja ya reli inagawanyika matawi, matawi yanapita kati ya magodauni na gati, na meli inasubiri mwishoni. Nusu saa ya kutazama kutoka juu inafundisha kuliko kuzungukazunguka getini. Ile wanayoiita Nyumba ya Kaiser iko huku mlimani pia. Ni makazi ya serikali, haiingiliki, na kamera iacheni mfukoni. Inasimuliwa kwamba kuna handaki kutoka nyumba hiyo hadi stesheni. Masimulizi ni matamu, ila Kaiser Wilhelm mwenyewe hakuwahi kutia mguu Kigoma.

Kila mtu abebe maji lita moja na nusu kwa asubuhi, kofia, na viatu vyenye soli ya meno. Mteremko wa udongo mwekundu una changarawe zinazoteleza hata kiangazi; wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, ndala zitakuangusha. Mchana kuleni mgebuka mahali penye foleni ya makuli na madereva, kwa sababu samaki wa hapo hawalali.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa historia Kasulu. Nataka kuleta wanafunzi 40 wa kidato cha tatu waone bandari ya Kigoma kwa ndani. Mwaka jana tulirudishwa getini. Tulikosea wapi?

Marahaba, mwalimu. Bila shaka mlifika na barua mkononi mkitegemea ijibiwe papo hapo. Bandari ni eneo la ulinzi na la forodha kwa wakati mmoja, hivyo aliye getini hana mamlaka ya kumwingiza mtu, hata akiwa na huruma. Barua ya shule iende ofisi ya bandari angalau wiki mbili kabla, ikiwa na tarehe mbili za kuchagua, idadi ya wanafunzi, majina ya walimu, na sentensi moja inayosema mnataka kuona nini. Siku tatu kabla, pigeni simu kuthibitisha. Barua nyingine iende kwa stesheni masta. Reli na bandari ni mashirika mawili, kibali cha moja hakifungui geti la jingine.

Wanafunzi 40 kwa mkupuo ni wengi mno kwenye gati ambalo kreni inafanya kazi. Wagaweni makundi mawili ya 20: moja bandarini, jingine stesheni, kisha mbadilishane. Kila wanafunzi kumi wawe na mtu mzima mmoja. Sandozi na ndala marufuku. Ulizeni mapema kuhusu picha, na mkiruhusiwa, askari na vyombo vyao visiingie kwenye picha.

Kitu kimoja cha kuwaonesha mkiwa ndani: Wabelgiji. Baada ya vita ya kwanza, kwa makubaliano na Waingereza ya mwaka 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo Kigoma na Dar es Salaam ya kupitishia mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila kikomo. Eneo hilo liliitwa Belbase. Tanganyika ilipokaribia uhuru, serikali ilitangaza kwamba mkataba ule haitaurithi. Somo la mikataba litakaa vichwani kuliko mkilifundisha darasani, mkiwa mmesimama pale pale kwenye shehena za Burundi na Kongo.

Je, ni kweli MV Liemba iliwahi kuzamishwa na wenyewe Wajerumani, na bado injini ikawaka? — Msomaji, Uvinza

Ilizamishwa, kweli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa reli. Ikaungwa upya hapa na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walizipaka injini grisi nene kwanza. Grisi ilizuia maji na hewa kuligusa chuma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kama Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea mpaka miaka ya 1970 zilipobadilishwa kuwa za dizeli, kwa hiyo unazosikia simulizi zake si zilizomo leo.

Ukibahatika kuikaribia, usitazame rangi, tazama ubavu. Mabati ya zamani yameshikwa kwa ribiti, safu za vichwa vya mviringo kama vifungo vya shati. Palipo laini na mstari mmoja wa kuvimba ni kuchomelea, yaani marekebisho ya baadaye. Kwa miaka kadhaa sasa meli imekuwa gatini kwa ajili ya ukarabati, hivyo usipange safari yako kwa kuitegemea ikubebe.

Jengo moja la kale karibu na stesheni lipu yake imebambuka kuanzia chini mpaka kiunoni, juu nzima. Nyumba ya babu yetu Ujiji nayo ni hivyo hivyo. Fundi anasema chumvi. Anatupiga?

Hawapigi, ila kasema nusu. Maji yanapanda ukutani kutoka ardhini, yanabeba chumvi. Ukuta wa zamani wa mawe au udongo uliopakwa chokaa hupumua: maji hutoka nje na kukauka. Baadaye anakuja mtu anapiga lipu ya saruji na juu yake rangi ya mafuta. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inaisukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole: pakilia kama mtungi mtupu, lipu imeshaachana na ukuta hata kama haijaanguka.

Kwa nyumba ya babu: ondoeni saruji yote hadi sentimita 50 juu ya pale unyevu unapoishia. Ondoeni udongo uliorundikana ukutani nje, na maji ya paa yapelekwe mbali. Acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, Juni hadi Septemba. Kisha lipu ya chokaa iliyozimwa, sehemu moja kwa mchanga safi sehemu tatu, tabaka lisizidi sentimita moja, na lifunikwe magunia yenye unyevunyevu siku kadhaa. Chokaa ikikauka haraka juani hupasuka nyufa kama kaki. Mchanga wa ufukweni uoshwe au uachwe kabisa ukiwa na matope. Mwisho paka chokaa, si rangi ya mafuta. Fundi akikwambia saruji ni imara zaidi, yuko sawa, na uimara huo ndio tatizo.

Nimesoma kwamba Ulaya migodi na magodauni yaliyokufa yamegeuzwa makumbusho na maduka. Kigoma lini?

Huko yalikufa kwanza. Mgodi wa Zollverein mjini Essen ulifungwa 1986, ukawa urithi wa dunia 2001; magodauni ya Speicherstadt, Hamburg, yakafuata 2015. Bandari ya Kigoma inafanya kazi, na sisi hatuoni haraka ya kuigeuza mgahawa. Kibao kimoja kizuri cha maelezo mbele ya stesheni, basi, kingetutosha kwa kuanzia.

Tulitembea kutoka mjini hadi Kibirizi kuona soko la dagaa. Tukakuta vichanja vitupu. Tuliambiwa Kibirizi ni kila siku!

Mlikwenda mwezi ukiwa mpevu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga wa taa huwavuta pamoja juu ya wavu. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haina kazi, na wavuvi wengi hupumzika karibu wiki moja. Tazameni kalenda ya mwezi: wiki ya giza ndiyo yenu. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa hiyo kabla ya safari za miezi hiyo ulizieni kwanza.

Na mlikwenda kwa mpangilio wa kinyume. Kibirizi iko kama kilomita tatu kaskazini mwa mji. Chukueni bajaji ya kwenda, mfike saa moja na nusu mitumbwi ikishusha, kisha mrudi kwa miguu mkiwa na jua mgongoni au ubavuni. Dagaa wabichi wasinunuliwe mwanzoni mwa matembezi. Wakavu nunueni wanaovunjika wakikunjwa. Wanaopinda bado wana maji na watavunda kwenye begi kabla ya Tabora. Mawese yafungwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, si chupa ya maji, ambayo hulegea kwenye joto.

Stesheni na Ujiji kwa siku moja, kwa miguu, inawezekana?

Miguu inaweza, siku haitoshi. Panda daladala hadi Ujiji saa tisa na nusu alasiri, shuka Mtaa wa Livingstone, uteremke kwenye makumbusho palipo na mnara wa kumbukumbu chini ya miembe, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ufukwe ulikuwa jirani zaidi enzi hizo. Leo utalazimika kuendelea kushuka ndipo uyaone maji. Uliza saa ya kufunga kabla hujaketi kusikiliza maelezo, na weka noti ndogo ndogo za nauli, maana jioni konda hana chenji.